Mafundo Matatu Hadi Mlangoni

Ngamiani, Tanga
12 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako wiki ya tatu sasa haipatikani, na mimi si mtu wa kukaa na dukuduku. Barua nampa kondakta wa basi la Maramba pamoja na mfuko. Ndani kuna sukari kilo mbili, sabuni, daftari mbili, penseli nne na chati ya herufi yenye picha. Chati ni ya Shaima. Naomba ibandikwe ukutani, pale anapoweza kuiona akiamka.

Sisi wazima. Nasri ametimiza miezi miwili. Ananyonya na kulia kwa zamu, na zamu yangu ya kulala haijafika. Baba yao yuko na lori njia ya Tunduma, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Cherehani nayo haipumziki, watu wameanza kuleta vitambaa vya sare mapema mwaka huu.

Sasa lile kubwa. Shule niliyokuambia, ya hapa karibu, wameniitikia. Usaili wa darasa la kwanza ni Jumamosi tarehe 23 Novemba. Mtoto anatakiwa aandike jina lake, asome maneno mafupi, ahesabu mpaka hamsini. Wanachukua arobaini tu, na waliojiandikisha wamepita mia.

Mama, nilikuletea Shaima mwezi wa tano nikiwa sijiwezi, miguu imevimba, ukampokea bila swali. Hilo silisahau. Wakati ule nilisema mwache acheze, apate hewa. Sasa michezo ipungue. Asubuhi akae na daftari, alasiri akae tena, ndipo acheze. Mimi nilicheza mpaka nikafika darasa la saba sijui kugawanya. Najua ninachosema.

Nijibu kwa basi hilohilo.

Mkweo,
Mastura


Maramba
20 Agosti 2024

Mwanangu Mastura,

Marahaba. Mfuko umefika. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Sijanunua nyingine wala sijaikumbuka, imenipumzisha masikio.

Shaima mzima. Anakula, anacheka, anacheza. Ndiyo, anacheza. Kama mtoto wa miaka sita hachezi, acheze nani, mie?

Chati nimeiona. Nzuri, ina picha. Hayo ya usaili nimeyasikia. Mtoto anajifunza, wewe tulia huko na kichanga chako. Usinifunuefunue kila saa kama sufuria ya wali. Nakurudishia daftari moja uone alivyoandika.

Nimekutilia unga wa muhogo na visheti. Nimevikaanga mwenyewe.

Bibi yake Shaima,
Sabra binti Himyar


Ngamiani, Tanga
29 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Unga tumekula, ahsante. Visheti nimeonja kimoja nikadhani ulimi wangu ndio mbovu. Nikampa Hasina, huyu mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele, akaenda kutema mlangoni. Umevichovya kwenye shira ya chumvi, Mama. Wewe uliyepika visheti vya arusi yangu, watu wakavificha kwenye mikoba! Hasina anasema mkwe akikulisha chumvi mahali pa sukari, kuna jambo anakuambia. Sikutaka kumsikiliza, lakini limeniingia. Kama nimekukosea, nitamkie.

Si hilo tu. Nimefungua daftari ulilonirudishia, ni jeupe. Nimelipekua ukurasa kwa ukurasa, kisha nikalipekua kwa nyuma. Ulitaka nione nini?

Na mwandiko wako. Mistari imepandana, "marahaba" umeiandika juu ya jina langu, na sentensi ya mwisho imetoka nje ya karatasi ikaishia hewani. Ulikuwa na haraka gani? Au kuna mtu alikusimamia?

Unasema chati ni nzuri, ina picha. Hayo ya picha niliyaandika mimi mwenyewe. Basi niambie, kwenye herufi N wamechora nini?

Sipendi kuuliza hivi. Naona aibu hata mkono unavyoandika. Lakini mtoto ni wangu, na kila nikikaa kwenye cherehani nashona sare za watoto wa wenzangu, najiuliza wangu atavaa ipi.

Mkweo,
Mastura


Maramba
9 Septemba 2024

Mastura,

Huu ni mwandiko wa Timotheo, jirani yangu, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge. Mie mkono unaniuma nikiandika. Asikutie wasiwasi, ameandika barua za watu miaka thelathini na hajatoa la mtu nje.

Chumvi ni chumvi. Makopo mawili yanafanana, nikachota lisilo lenyewe. Nikiwa na jambo na wewe nitakuambia, sina haja ya kulikaanga.

Daftari nalo nilichukua lisilo lenyewe. Lenye maandishi liko hapa, na mwenyewe hataki litoke nyumbani.

Picha ya N ni nanasi. Shaima anasema lina nywele kama za Babu Timotheo akiamka. (Timotheo anacheka lakini ameandika, maana nimemwambia asipunguze neno.)

Kuhesabu anahesabu. Jua likipungua tunacheza mdako uani. Kokoto kwenye kishimo, unarusha moja juu, unazoa nyingine, unadaka. Anahesabu kwa sauti, akikosea namrudisha mwanzo. Amefika sitini, wewe uliomba hamsini.

Unasema michezo ilikuharibu. Siku niliyokuja kwenu kukuposea Msafiri nilikukuta uani unacheza mdako na wadogo zako, na umri wako miaka kumi na tisa. Uliponiona ukakimbilia nyuma ya mlango na kokoto mkononi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu, huyo msichana ana macho mepesi na mkono mwepesi, muoe. Hivyo ndivyo nilivyokuchagua.

Sabra binti Himyar


Ngamiani, Tanga
19 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Nitasema moja kwa moja.

Hasina alikuja huko Jumapili kwenye Maulidi ya mjomba wake, akapita kwako kukusalimia kwa niaba yangu. Alipiga hodi, akaingia mpaka uani, akasimama mbele yako hatua tatu. Ukamwambia, "Karibu, nani mwenzangu?" Hasina huyu umemjua tangu arusi yangu! Alipojitaja ukamkaribisha, lakini hukumtazama usoni hata mara moja. Anasema ulikuwa unatazama bega lake, kama kuna mwingine nyuma.

Hayo ningeyameza. Lakini amekuta uani kwako pamefungwa kamba za katani, kutoka jikoni mpaka chooni, kutoka chooni mpaka mlango wa nje. Zina mafundo, Mama. Mafundo! Na mwanangu amefungwa kaniki machoni, anatembea taratibu, anapapasa mafundo na kunong'ona. Hasina alimwita. Hakuvua kaniki. Akamjibu, "Subiri, sijafika." Na pembeni kishimo na kokoto zimepangwa. Mimi uliniambia ni mdako. Hasina anasema kokoto za namna hiyo amewahi kuziona kwa mpiga ramli.

Mimi sikusoma sana, lakini chuo cha Kurani nilifika. Kila nikimlaza Nasri namsomea ile sura ya kujikinga na wanaopuliza mafundoni. Naisoma huku mwanangu mwingine anayapapasa kwa vidole vyake. Unataka nifikirije?

Nimezipanga barua zako zote mezani. Simu ikafa kwa maji. Visheti vya chumvi, daftari tupu. Mkono ukauma ghafla, akaja karani nisiyemjua. Kila nikikuuliza unanijibu pembeni. Unanificha kitu. Sijui ni nini, lakini kipo, na mwanangu yumo ndani yake.

Jumamosi tarehe 28 nakuja na Nasri mgongoni. Nitarudi na Shaima. Nguo zake zikae tayari. Na Msafiri akipata mtandao nitamweleza yote, wewe ni mama yake lakini mimi ni mama wa mtoto.

Mastura


Maramba
24 Septemba 2024

Mastura,

Njoo. Mlango wangu haujawahi kufungwa kwa mkwe.

Nimeswali miaka zaidi ya hamsini, leo kamba za katani zinanitoa kwenye dini. Hasina akae na ramli yake. Kama anawajua wapiga ramli mpaka kokoto zao, muulize yeye alikuwa anafuata nini huko.

Mtoto anacheza. Zaidi ya hilo sina la kukueleza, na kwa karatasi ndiyo kabisa. Ukimchukua umemchukua, wa kwako. Nguo zake nimezifua mwenyewe, zinakauka.

Mimi,
Sabra binti Himyar

(Chini kabisa, kwa penseli)

MAMA. MIMI SHAIMA. BABU TIMOTHEO AMEENDA KUNYWA MAJI. BIBI HAONI. ANAONA MWANGA TU. KAMBA SIO MBAYA. NI MCHEZO WANGU UNAITWA KIZAKIZA. FUNDO MOJA JIKO. MAWILI CHOO. MATATU MLANGO. USIMWAMBIE BIBI NIMESEMA. USINICHUKUE MIMI TU.


Ngamiani, Tanga
26 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Barua hii asome Shaima. Babu Timotheo akae pembeni, asimsaidie. Nimeandika maneno mafupi na herufi kubwa.

Jumamosi siji. Nasri ana mafua.

Mama, nilisema vibaya. Nilikosa adabu. Naomba unisamehe. Maneno ya mlangoni, ya Hasina, sitayabeba tena.

Lakini nina haya.
Moto asiwashe mtoto. Awashe mtu mkubwa.
Kisimani asiende peke yake.
Makopo ya sukari na chumvi yasifanane. La chumvi lifungwe kamba.

Mama, naomba uje Tanga. Uje na Shaima kabla ya usaili. Mimi nina mtoto mchanga, siwezi kuja kumchukua. Mlete wewe. Baba yake atakuja na gari.

Shaima, kama unasoma wewe, nenda uani. Chukua kokoto kumi na saba. Zifunge kwenye kitambaa. Zije na jibu la bibi. Usimwambie mtu ni ngapi.

Shaima, mama anakupenda. Hakuchukui wewe tu.

Mastura


Maramba
6 Oktoba 2024

Mwanangu Mastura,

Barua amesoma yeye. Alikaa mapajani kwangu, akasoma kidole kwenye karatasi, neno kwa neno, nusu saa nzima. Timotheo alikuwa barazani anajizuia kukohoa. Alipofika kwenye chumvi lifungwe kamba, akageuka kunielekea. Akaendelea.

Aliposoma "hakuchukui wewe tu" nikamuuliza, mama yako anajibu nini hapo, nani alimwambia nini? Akasema anataka kwenda chooni. Akatoka mbio na hakushika kamba.

Sikumuuliza tena. Lakini Mastura, mie nimelea watoto watano. Nyumba ikiwa na siri naisikia. Umeniomba msamaha upesi mno, wewe usiyeomba msamaha. Na Timotheo tangu siku ile ana kiu ya ajabu.

Basi nikuambie mwenyewe, nisije nikasemewa.

Macho yalianza mwaka juzi, ukungu. Nikasema ni moshi wa jikoni. Mwaka huu ukungu ukawa pazia. Simu niliiweka juu ya meza nilivyozoea, meza haikuwepo, ilikuwepo ndoo. Sikumwambia mtu. Nilijua nikisema, Msafiri atakuja kunibeba kama gunia, aniweke kwenye kona ya chumba chenu, nisubiri kulishwa. Na nilijua wewe utamwondoa Shaima siku hiyohiyo. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo lililonifunga mdomo.

Shaima alijua kabla ya wote. Nilikuwa nampikia chai, nikamimina pembeni ya kikombe. Hakunicheka. Siku ya pili akajifunga kaniki yangu machoni, akasema, "Bibi, leo mimi ndiye nisiyeona. Wewe niambie mwiko uko wapi." Akajigonga, akaanguka, akacheka, akaanza tena. Siku ya nne akaomba katani kwa Timotheo. Mafundo aliyafunga yeye, mkono wake ulivyo, ndiyo maana ni makubwa hivyo. Alikuwa anapita njia zangu kabla yangu ili ajue nitagonga wapi. Kisha ananiambia, "Sasa zamu yako." Nikishika fundo la pili na kusema jiko, ananirudisha mwanzo, kama ninavyomrudisha kwenye mdako. Hana huruma hata kidogo!

Nina miaka sitini na nane, nimejifunza nyumba yangu upya kwa kucheza na mtoto. Angekuja mtu mzima kunifundisha, ningemfukuza.

Na zile herufi zako. Chati mie siioni. Sikutaka ajue kiasi gani siioni, basi nikamwambia, nieleze, herufi hii ikoje? Akasema A ni paa la nyumba lenye boriti. B ina matumbo mawili. S ni nyoka anayekwenda Mkinga. Nikamwambia niandikie kiganjani nione kama hudanganyi. Ananiandikia kwa kidole, mie nabahatisha, nikikosea anafurahi, anaandika tena. Tumezimaliza zote hivyo. Mie nilidhani namficha, yeye akadhani tunacheza, akajifunza. Au alijua, sijui. Huyu mtoto simwamini.

Moto anawasha Mama Kristina wa nyumba ya pili, kuanzia jana. Kisimani Shaima anakwenda na watoto wake. Hayo ulisema kweli, na niliona haya kuyasikia yakisomwa na sauti yake.

Nitakuja. Lakini sitaki kushikwa mkono nikiteremshwa kwenye gari kama mfungwa. Na sitaki kona.

Kokoto zako hizi hapa. Sijui ni ngapi, alipofika kwenye idadi alisoma moyoni, na amekataa kuniambia.

Sabra binti Himyar


Ngamiani, Tanga
9 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Hii pia asome Shaima, lakini sasa siandiki maneno mafupi. Akikwama abahatishe.

Kokoto nilizihesabu siku ileile, nimesimama mlangoni, hata mfuko sijaufungua wote. Kumi na saba. Nikazihesabu tena nikiwa nimekaa. Mama, nitakuambia ukweli. Nilikuwa bado na shaka. Nilisema labda Timotheo ndiye anayeandika na kusoma, na mtoto wangu anatumwa tu. Nilikuwa nimeishi na shaka tangu Agosti, haikutaka kuondoka kwa barua moja. Iliondoka nilipofika ya kumi na saba na kitambaa kikawa kitupu.

Msafiri alirudi wiki iliyopita. Nilimpa barua yako akasoma. Kisha akatoka bila kunywa chai yake. Nikasema haya, amekwenda kuwaka kwa watu. Akarudi na katani mita arobaini.

Tumefunga kamba. Kutoka mlango wa chumba chako, kile cha dirisha la uani, siyo kona, mpaka jikoni, fundo moja. Mpaka chooni, mawili. Mpaka mlango wa nje, matatu. Nimefuata uliyonayo nyumbani ili usianze upya. Mafundo nimeyafunga makubwa, kama ya Shaima.

Hasina alitoka chumbani kwake asubuhi akazikuta. Alisimama pale na beseni la nguo, akatazama kamba, akanitazama mimi, akatazama Nasri. Hakuuliza. Jioni nikamsikia kwa fundi wa baiskeli anasema, "Alianza mkwe, sasa na yeye." Kuna mwanamke wa nyumba ya pili alikuja kuchukua sare ya mwanawe, akapita akiwa ameinamisha kichwa asiiguse kamba. Zamani ningetoka nikajieleza mlango kwa mlango. Sasa nimemwacha ainame. Ukija utamkaribisha mwenyewe, naye ataona kamba ni za nini.

Msafiri atakuja Jumamosi tarehe 16. Nimemwambia akifungua mlango wa gari aweke mikono mfukoni. Jumatatu ya tarehe 18 tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na wewe. Hilo siombi, nasema. Akisema yanatengenezeka, yatatengenezwa. Akisema hapana, kamba zipo. Na Shaima, afaulu usaili asifaulu, Januari anaanza shule hapa mjini. Alasiri ni yenu, mcheze mnavyotaka, mimi sitachungulia.

Jambo moja la mwisho, usicheke. Jana Nasri alilala mchana, nikapata nusu saa. Nilikusudia kushona mikono ya shati. Badala yake nikachukua mtandio, nikajifunga machoni, nikashika kamba. Tangu siku ile uliyonikuta na kokoto kwa wazazi wangu sikuwa nimecheza kitu. Fundo la kwanza nililipata. La pili nikalipita bila kujua, nikapiga ndoo ya maji kwa mguu, ikamwagika yote. Nikasimama pale na miguu imelowa, nikafikiria simu yako.

Nikaijaza tena, nikairudisha palepale, nikaanza upya kutoka mlangoni.

Mara ya tatu sikuigonga.

Mkweo,
Mastura